Kujibu pingi si kutambuliwa

Mafundi wengi wa mitandao hapa Tanga huamini kwamba kifaa cha kugawa mzigo wa seva kikijibu pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinafikika), programu ya usimamizi imeshakitambua. Sivyo. Pingi huonyesha tu kuwa anwani inafikika. Aina ya kifaa hujulikana kwa SNMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao), poti ya UDP 161, kupitia sysObjectID, yaani namba inayotaja aina ya kifaa. Kwa hiyo washa SNMP, ruhusu anwani ya seva ya usimamizi, weka siri zinazolingana pande zote mbili (tafadhali, tumieni toleo la 3 la SNMP), kisha pakia MIB ya mtengenezaji (faili inayoeleza taarifa za kifaa zinazoweza kusomwa) ili hali ya seva za nyuma, zile zinazogawiwa mzigo, isomeke. Bila hayo, kwa mfano, seva zote za hospitali zaweza kuzimika, wagonjwa wakarundikana dirishani, na skrini ya fundi ikabaki kijani kana kwamba yote ni sawa, kwa kuwa kifaa bado kinajibu pingi.