Je, wajua kwa nini sabufa inayopiga kwa nguvu dukani huonekana ndiyo bora?

Pita Kariakoo mchana, utakuta maduka ya redio yanashindana kwa mdundo. Muuzaji anakuwashia sabufa mbili. Ile anayotaka uichukue ameipandisha sauti kidogo tu. Unasikiliza zote, unachagua hiyo, na uko tayari kuapa kwamba besi yake ni safi zaidi.

Kosa si la muuzaji peke yake. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kuwa sauti ikiwa chini, sikio huipoteza besi mapema kuliko sauti za katikati, zile za maongezi. Ukipandisha, besi inarudi na muziki unanenepa. Hata desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo wengi hawaitambui kama ongezeko, inatosha kuifanya spika ionekane safi zaidi.

Ndiyo maana uchambuzi mwingi wa spika hausaidii kitu. Mtu anasifia "besi nzito, sauti kali" bila kusema aliilinganisha na ipi, wala kama alizisawazisha sauti kwanza. Video ndiyo kichekesho kabisa: spika imerekodiwa kwa maiki, wewe unaisikiliza kwa simu. Unachokisifia hapo ni spika ya simu yako!

Macho nayo yanaponza. Mwaka 1994, watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zilezile wazipime, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika: spika ndogo za bei nafuu zilishuka mara tu zilipoonekana.

Halafu kuna ile "wati 5000 PMPO" ya kwenye boksi, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa. Igeuze redio usome kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Kama kimeandikwa kwamba inakula wati 60, hizo 5000 zinatoka wapi? Zingekuwa za kweli, saa moja ya muziki ingemeza uniti 5 za LUKU. Tena, hata ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu.

Ukienda kununua, shika volyumu mwenyewe. Weka wimbo unaoujua vizuri, shusha zote mbili zilingane, kiasi cha kuweza kuongea na muuzaji bila kupaza sauti, kisha geuka uzipe mgongo wakati anabadilisha.