Mmea mgumu nao una kiu jamani

Jana tena. Dada mmoja kaja kitaluni hapa Tanga, anataka "mmea mgumu usiosumbua" wa kupanda kwake Raskazone, nikampa bogenvilia, naanza kumwelekeza kumwagilia akanikatisha, ah kaka si umesema mgumu, halafu saa hizi kipupwe jua lenyewe liko wapi. Nikanyamaza. Mwezi ujao akirudi na kijiti kikavu itakuwa mimi nauza miche mibovu.

Ugumu uko kwenye mizizi, sio kwenye jina. Mche uliotoka kwenye kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea, mizizi yake yote iko kwenye konzi moja ya udongo, una tofauti gani na mchicha? Mkonge wenyewe huu unaotuchekea juani, ile miche ya kwanza aliyoagiza Hindorf, yule Mjerumani aliyeuleta mkonge huku, kutoka Florida mwaka 1893 ilikuwa 1000, ikapona 62. Mkonge huo!

Ila la kipupwe ndo linanichosha. Jua limepoa kweli, lakini kusi inavuma kutwa kutoka baharini na chumvi yake, inanyonya majani huku wewe umejifunika shuka unasema baridi. Kimvua cha mchoo kinalowesha vumbi tu, ingiza kidole uone. Kwa hiyo nusu ndoo kila baada ya siku mbili, matandazo juu, wiki sita. Hizo sita ni mazoea yangu tu, kuna mchanga fulani nimemwagilia mpaka miezi mitatu na bado nilikuwa na wasiwasi.

Halafu mgumu kwa kitu gani? Bogenvilia kiu na chumvi inavumilia ikishashika, na hapo kweli punguza maji, ukiibembeleza unapata majani matupu. Iksora, kile kichaka cha maua, jua inalimudu vizuri, ila ipande kwenye jiwe la matumbawe uone, chokaa inaizuia kupata madini ya chuma, majani yanakuwa njano mishipa imebaki kijani, watu wanadhani kiu wanaimwagia pipa zima. Samadi inasaidia, kidogo. Mimi mbili zimenifia huku naziangalia, siku hizi napanda kwenye ndoo kuukuu na udongo wa kuletwa, basi.

Yule dada katuma meseji sasa hivi, anauliza maji ya kisima yenye chumvi yanafaa? Kwa mche wa jana hapana. Ila angalau kashika ndoo.