Kwa nini mgonjwa wa figo hupungukiwa damu? Maswali kuhusu kufa kwa seli za damu

Seli za damu hufa hata kwa mtu mzima wa afya?

Hufa kila siku. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 7 hadi 10. Uboho wa mifupa hufidia kwa kutengeneza chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kwa siku. Nyingine hazifiki hata kwenye mishipa: seli changa ikikosa ishara ya kuendelea kuishi hujivunja yenyewe, ikamezwa na seli za jirani. Kifo hiki cha mpangilio kilipewa jina la apoptosisi mwaka 1972.

Baba anaumwa figo, mbona daktari anasema ana upungufu wa damu?

Figo ndizo zinazotoa homoni ya erithropoietini, na homoni hiyo huzinusuru seli changa zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Zikiikosa, hujiua zikiwa bado ubohoni. Figo zikidhoofika homoni hupungua, damu nayo hupungua. Ndiyo maana wengi wanaosafishwa damu huchomwa sindano za homoni hii. Madini ya chuma yanahitajika pia, ila hayawezi kushika nafasi yake. Tafadhali, msimnunulie mzee dawa ya kuongeza damu dukani mkaishia hapo; mrudisheni kliniki ya figo.

Na seli zikikataa kufa?

Hurundikana. Protini iitwayo BCL-2 huzuia seli isijiue, na mwaka 1988 David Vaux na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba kazi yake ni kurefusha uhai wa seli. Katika aina moja ya saratani ya damu, ile sugu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), protini hii huwa nyingi mno. Ugonjwa huenda polepole, mara nyingi kwa wazee: mitoki huvimba, bandama hukua, na wengine hugundulika kwa kipimo cha damu cha kawaida bila kuhisi chochote.

Kuna dawa ya kuzifanya zife?

Ipo. Venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huibana BCL-2. Huanzwa na miligramu 20 kwa siku, ikapandishwa kila wiki hadi 400. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo humwaga potasiamu na asidi ya yuriki, na hapo figo na moyo huwa hatarini. Kwa hiyo mgonjwa anywe maji ya kutosha kama alivyoelekezwa, na asikose kipimo chochote cha damu katika wiki hizo za mwanzo, hata akijisikia mzima.