“Kifaa kinafanya kazi, sasa tunatafuta mwekezaji tu”

Sentensi hiyo naisikia karibu kila mara watafiti wa kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, wanapokuja kutaka ushauri wa ruzuku. Wiki hii nimeisikia tena, kwa hiyo naiandikia jibu refu.

Dhana: Serikali ikigharimia ugunduzi, soko litamalizia.

Hii ndiyo inayoua miradi mizuri. Chukua kihisi cha kupima nguvu ya mvutano wa ardhi. Ndani yake atomu za rubidi hupozwa kwa leza hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa, kisha huachwa zianguke ndani ya ombwe, pasipo na hewa. Mwanguko wao ndio unaoonyesha kama chini kuna ardhi nzima au shimo. Maabara, juu ya meza isiyotikisika, kazi hiyo imewezekana tangu miaka ya 1990. Barabarani, lori likipita tu, mtikisiko wake unameza ile ishara ndogo unayoitafuta. Timu ya Chuo Kikuu cha Birmingham iliangusha mawingu mawili ya atomu, moja juu ya jingine, ili mtikisiko unaoyapata yote mawili ufutike katika hesabu. Mwaka 2022 ikachapisha matokeo: imelipata handaki lililo chini ya barabara. Mpango wa taifa wa Uingereza uliobeba kazi hiyo ulitangazwa mwaka 2013, kwa pauni milioni 270. Nioneshe mfuko binafsi ambao ungevumilia miaka yote hiyo.

Kuipunguza leza iliyojaa meza hadi iingie kwenye sanduku, kupata kiwanda cha chemba zisizovuja, kuandika utaratibu wa upimaji: hakuna jarida linalochapisha kazi hiyo, wala benki inayoikopesha. Fedha za umma zinahitajika hapo kuliko popote. Kila anayekuja namuuliza: siku ninyi hampo, nani atakiwasha kifaa? Akinijibu “mwanafunzi wetu wa uzamivu”, bidhaa bado. Na badala ya kuomba ruzuku ya tatu, iombeni taasisi ya umma inunue kifaa cha kwanza. Fundi atakayekitumia kwenye matope atawaambia kasoro ambazo jopo la maprofesa haliwezi kuziona.

Dhana: Kwantamu ni kompyuta, na kompyuta yenyewe haijakamilika.

Kwantamu si kompyuta tu. Saa ya sesiamu, inayopima muda kwa atomu, ilijengwa mwaka 1955 katika National Physical Laboratory ya Uingereza, maabara ya umma. Leo setilaiti za GPS hubeba saa za atomu, na simu yako inazitegemea kukuonyesha njia. Nottingham nako kumezaliwa kampuni inayotengeneza kofia ya kupima usumaku wa ubongo, mgonjwa akiwa huru kugeuza kichwa.

Dhana: Usalama wa data usubiri kompyuta ya kwantamu ije.

Data iliyofichwa kwa fumbo inaibwa leo na kuhifadhiwa hadi siku kompyuta hiyo itakapoweza kulifungua fumbo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya vya kujikinga Agosti 2024. Anzeni kuhamia viwango hivyo.

Dhana: Kyubiti (vipande vya msingi vya kompyuta ya kwantamu) nyingi zaidi, kompyuta bora zaidi.

Hapana. Chipu ya Google ya Desemba 2024 ilikuwa na kyubiti 105 tu. Umuhimu wake ni kwamba makosa yalipungua kadiri kyubiti zilivyoongezwa katika kuyasahihisha. Ombi la fedha linalotaja idadi ya kyubiti bila kiwango cha makosa, mimi hulirudisha siku hiyohiyo.