Je, wajua kwa nini etha inayowasha dizeli ndiyo inayoivunja?

Pale Kibirizi, kwenye boti za mizigo mjini Kigoma, dizeli ikigoma asubuhi hakosekani wa kushauri: "Pulizia dawa!" Dawa yenyewe ni kopo la etha, kimiminika chepesi kinachoshika moto upesi. Mmoja anapuliza kwenye mdomo wa hewa, mwenzake anapiga stata, injini inanguruma na safari inaanza. Hasara imeshaingia katika zile sekunde chache.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni ikipanda inaibana hewa hadi inakuwa ya moto mkali. Inapokaribia kufika juu, nozeli inamwaga dizeli, nayo inawaka yenyewe. Mwenye kupanga saa ya kuwaka ni pampu. Etha haimngojei mtu. Imeingia pamoja na hewa, imeshajaa silinda nzima, na hujiwasha kwenye nyuzi takriban 160 hadi 180 za Selsiasi, wakati dizeli inataka zaidi ya 200. Basi inalipuka pistoni ikiwa bado njiani kupanda: krenki, ule mhimili unaozunguka chini yake, inaisukuma juu, mlipuko unaikandamiza chini. Ule mlio wa nyundo unaousikia ndio huo ugomvi. Ringi zinavunjika, pistoni inameguka, gasketi ya silinda hedi inapasuka, na ukizidisha dozi konrodi, chuma kinachounga pistoni na krenki, inapinda.

Injini yenye hita za kupasha silinda ni hatari zaidi. Ncha ya hita inawaka nyekundu; etha ikiigusa, moto unaweza kurudi kwa njia ya hewa hadi kwa aliyeshika kopo. Watengenezaji wengi wanakataza kabisa kupulizia etha injini za namna hiyo.

Kwenye boti kuna jambo jingine linalonitia hofu. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, kwa hiyo juani inageuka mvuke mara moja. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili. Haupai, unashuka na kutuama kwenye ngama, sakafuni kabisa mwa boti chini ya mbao, palepale penye betri na nyaya zilizochubuka. Petroli ikizidi kiasi cha asilimia 8 hewani haiwaki tena, lakini etha huwaka kuanzia asilimia 2 hadi 36 hivi. Cheche moja ya stata inatosha. Tena fundi aliyejikunja kwenye chumba cha injini anauvuta. Ndiyo etha ileile iliyotumika Boston, Marekani, mwaka 1846 kumlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji.

Utasikia pia kwamba injini "imeizoea" dawa. Injini haina uraibu. Etha inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasagika kavu, kompresheni (nguvu ya kuibana hewa) inashuka, na kesho haiwaki bila kupuliziwa zaidi. Injini za boti za petroli zinazolainishwa na oili iliyochanganywa kwenye mafuta huumia vilevile, maana etha haina ulaini wowote.

Haya makopo yalikusudiwa nchi za barafu, na huko baadhi ya mitambo mikubwa ina kifaa cha kiwandani kinachopima tone kwa tone. Kigoma, hata alfajiri ya Julai, hakuna baridi ya kuizuia injini ya dizeli iliyo nzima kuwaka. Ikigoma, inaumwa. Anza na betri, kisha chujio, kisha maji kwenye dizeli ya pipa. Mara nyingi ni upepo umeingia kwenye mpira wa mafuta: legeza nati ya kutolea hewa juu ya chujio, pampu kwa mkono, povu jeupe litatoka likitetema, halafu dizeli safi bila mapovu. Kaza, piga stata. Isipowaka hapo, mwite fundi mwenye geji ya kompresheni apime silinda moja moja.