Picha ya angani haioni chini ya ardhi
Wengi huamini kwamba wanaakiolojia wanapopiga picha kutoka kwenye ndege, kamera hupenya udongo na kuonyesha vilivyozikwa. Sivyo. Kamera ya kawaida huona uso wa ardhi tu. Kinachofichua matumizi ya kale ya ardhi ni vivuli, rangi ya udongo na hali ya mimea.

Handaki la kale likishajaa udongo laini, huhifadhi unyevu kuliko ardhi ngumu iliyo kando yake, kwa hiyo wakati wa kiangazi mimea iliyo juu yake hubaki ya kijani na kurefuka, ilhali ile iliyoota juu ya msingi wa mawe hudumaa na kukauka mapema. Ndiyo maana ukame wa mwaka 2018 ulidhihirisha mabaki mengi katika mashamba ya Uingereza.

Kwetu Uganda, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, eneo la kale karibu na mto Katonga, yana urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, na baadhi yamechimbwa hadi kwenye mwamba. Anayetembea katika nyasi huona kipande kimoja tu cha handaki, lakini jua la asubuhi linapopiga kwa mshazari, kingo hutupa vivuli na mchoro mzima husomeka kutoka juu.

Umri, hata hivyo, picha haiutaji. Ilibidi mwanaakiolojia Peter Shinnie achimbe huko Bigo mwaka 1957, na mwenzake Merrick Posnansky mwaka 1960, kwa kuwa mstari unaoonekana pichani waweza pia kuwa njia ya ng'ombe au mtaro wa bomba la maji.