"Kashachanjwa, Dokta"

Jumatatu iliyopita, saa mbili kasoro asubuhi, kabla hata sijavaa koti, kijana mmoja wa Goba, hapa Dar, alisimama mlangoni kwangu na boksi la maji ya chupa. Nilijua kilichomo kabla hajalifungua. Kuhara kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, kuna harufu yake, na ukishainusa mara moja huisahau. Ndani alikuwamo mtoto wa mbwa, German Shepherd wa wiki tisa hivi, macho yamedidimia, kalala juu ya taulo lililoloa damu. Nikauliza swali ninalomuuliza kila mtu, nikapewa jibu ninalopewa na kila mtu: "Kashachanjwa, Dokta. Aliyeniuzia kanipa na kadi."

Kadi ilikuwapo kweli. Chanjo tatu, kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, sahihi moja, na hakuna hata stika moja ya chupa ya dawa. Chanjo ya tatu ilikuwa na tarehe ya Alhamisi. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, yaani ilikuwa bado haijafika.

Nimeamua kuandika kwa sababu huyo alikuwa wa nne ndani ya mwezi mmoja, na nimechoka kulieleza jambo hili huku nimeshika kanula, ule mrija wa dripu, kwa mkono mmoja na mguu wa mbwa kwa mkono mwingine. Watu wanajenga, wanazungusha ukuta, na kabla hata rangi haijakauka wanataka mbwa. Wengine hawana ukuta, wanaishi ghorofa ya tatu na wanataka Maltese, kale kambwa kadogo ka ndani. Mimi sipingi, ndiyo riziki yangu. Ila mbwa ananunuliwa Instagram kama viatu, na neno linalomuuza ni moja tu: kashachanjwa.

Tatizo liko kwenye hiyo "-sha-". Kashakula, kashalala, kashaondoka: jambo limekwisha, tuendelee na mengine. Kwa mtoto wa mbwa wa wiki saba au nane hakuna "-sha-". Kuna "anachanjwa", basi, mpaka afike wiki ya 16.

Hapa ndipo watu wanaponipotea, kwa hiyo twende taratibu.

Mtoto wa mbwa anazaliwa karibu mtupu wa kinga. Kinga anayoanza nayo maisha anainyonya kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, tena ndani ya siku yake ya kwanza. Baada ya hapo utumbo unafunga mlango na kingamwili hazipiti tena. Sasa angalia wanavyonyonya. Wamezaliwa wanane, chuchu za nyuma zina maziwa mengi, wakubwa wamezikamata, mdogo kuliko wote anasukumwa pembeni. Wote wana mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa, lakini mmoja kaondoka na ndoo nzima ya kinga, mwingine na kikombe. Kingamwili hizo zinapungua kwa nusu kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Wa kikombe anaweza kuwa mtupu wiki ya sita. Wa ndoo anaweza kuwa nayo bado wiki ya 12, hata ya 14.

Chanjo ya parvo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ili ifanye kazi lazima kirusi hicho kiingie, kizaliane kidogo, mwili ukione na ujifunze. Lakini kinga ya mama haichagui. Haijui kwamba hiki ni cha chupa na kile ni cha mtaroni, ikikikuta inakikamata. Ukimchoma wa ndoo wiki ya saba, umemchoma maji. Sindano imeingia, hela imetoka, kadi imeandikwa, mwili haujajifunza kitu.

Halafu kuna mtego mbaya zaidi, ambao hata wenzangu wa taaluma wanaupita harakaharaka. Kinga ya mama inapopungua, inafika siku ambapo ni ndogo mno kumzuia kirusi mkali wa nje, lakini bado inatosha kuizuia chanjo. Katika siku hizo mtoto yuko wazi kwa ugonjwa na amefungwa kwa chanjo. Zinaweza kuwa wiki mbili, zinaweza kuzidi. Hakuna chanjo, ya bei yoyote, inayoziondoa kabisa.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia chanjo ya pili na ya tatu zinaitwa "za kuongeza nguvu". Haziongezi nguvu yoyote. Kwa chanjo hai kama hii, dozi moja ikimkuta mtoto ambaye kinga ya mama imeisha, kwa kawaida hiyo moja inatosha. Tunarudia kila wiki tatu au nne kwa sababu hatujui ni lini itaisha. Ni kama mvuvi anayetupa nyavu usiku kucha: hatupi mara ya pili ili kumuua tena samaki wa mara ya kwanza, anatupa kwa sababu hajui samaki atapita saa ngapi. Kwa hiyo dozi ambayo mimi naiangalia kwenye kadi ni ya mwisho, ile ya wiki ya 16 au baadaye. Hizo za mwanzo ni bahati nasibu yenye maana. Na ukinunua mbwa wa wiki nane aliyechanjwa mara moja, na huyo mwuzaji ni mtu mwaminifu kabisa aliyetumia dawa nzuri, bado hujui kama umepewa mbwa mwenye kinga au mbwa aliyechomwa tu sindano.

Kejeli ni kwamba kadiri mama alivyo na kinga nyingi, ndivyo chanjo ya mapema inavyozidi kushindwa kwa watoto wake. Mteja ananiambia kwa fahari, "Dokta, mama yake kachanjwa vizuri sana." Vizuri sana. Basi ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumaliza dozi zote.

Kutokana na hayo utaelewa ile kauli nyingine, "chanjo ndiyo iliyomuua." Mbwa kanunuliwa Jumamosi, kasafirishwa kwenye boksi na ndugu zake wawili, Jumapili kachomwa sindano, Alhamisi anahara damu, Jumamosi kafa. Hesabu ya mwenye mbwa inakuja kwenye sindano. Yangu inakuja kwenye boksi. Parvo inachukua siku nne hadi saba, wakati mwingine zaidi, tangu kuingia mpaka kuonekana. Siku tuliyomchoma alikuwa nayo tayari, na chanjo haimkimbizi kirusi aliyekwisha kuingia ndani. Nimetukanwa mbele ya wateja kwa hili. Yule mama aliyenitukana alikuwa na machungu yake na sikumjibu, ila nakiri kwamba tangu siku ile nampima kila mtoto joto kabla sijamchoma, na akiwa mlegevu kidogo au kakataa kula namrudisha nyumbani asubiri. Sehemu ya sababu ni ya kitabibu. Sehemu nyingine ni woga.

Sasa "wa kienyeji". Huyo ndiye anayenipandisha presha kuliko wote. "Dokta, wa kienyeji ni mgumu, haugui." Mzee, wa kienyeji unayemwona ni yule aliyebaki. Jike limezaa saba kwenye kalavati nyuma ya godauni, baada ya miezi mitatu unaona wawili wanazurura sokoni, unasema ona walivyo wagumu. Watano uliwahesabu? Kirusi hakiulizi ukoo. Kuna mbwa ambao tunawaona wakiumia zaidi, Rottweiler na Doberman ndio wanaotajwa siku zote, na hata hilo hakuna aliyenieleza sababu yake nikaridhika. Lakini kuumia zaidi si sawa na wengine kutougua.

Na mkiniambia bibi yenu alifuga mbwa Singida miaka hamsini iliyopita bila chanjo yoyote, ni kweli, wala hakuwa na parvo ya kuogopa. Ugonjwa huu wa mbwa ulitambuliwa mwaka 1978, ukazunguka dunia nzima kwa muda mfupi. Bibi alikuwa na kichaa cha mbwa cha kuogopa, nacho kipo mpaka leo. Hilo nalipitia mbio kwa sababu nadhani mnalijua: chanjo ya kichaa ni nyingine kabisa, ile ya parvo haimkingi mbwa na kichaa hata kidogo, kwa kawaida tunampa akitimiza miezi mitatu, inarudiwa, na ukiumwa na mbwa usiyemjua osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Si kesho. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Turudi uani kwako. Mbwa kafa, watoto wanalia, baba anataka kununua mwingine Jumapili. Ua umeoshwa kwa Dettol na kila kitu kinanukia hospitali. Kirusi cha parvo hakina ganda la mafuta, kwa hiyo sabuni na dawa nyingi za kunukia hakizisikii. Kinachokiua ni dawa ya kung'arishia nguo, JIK na wenzake, sehemu moja kwa maji 30, juu ya sakafu ambayo umeshaikwangua uchafu wote, uiache iloe dakika kumi. Kwenye sementi unafanikiwa. Kwenye mchanga wa Kigamboni sina cha kukudanganya: kirusi kinakaa miezi, kivulini kinaweza kumaliza hata mwaka. Kama lazima ulete mbwa mwingine, mlete aliyemaliza dozi zake. Nasema hivi kila mara, na kila mara Jumapili wanaleta wa wiki saba, kwa sababu mkubwa "hatatuzoea".

Hilo la kuzoea lina ukweli ndani yake, na hapa ndipo ninapokuwa na shaka na ushauri wangu mwenyewe. Nimezoea kuwaambia watu mtoto asikanyage nje mpaka wiki ya 16. Lakini umri wa mbwa kuzoea watu, pikipiki, kelele na mbwa wenzake ni kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka ya 12 au 14. Ukimfungia bandani muda wote huo, anatoka salama wa parvo lakini ni mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa jirani. Siku hizi nawaambia wambebe mkononi, wamtembeze kwenye gari, wamkaribishie wageni waliovua viatu. Nikiwaambia hivyo, moyoni najua kuna atakayeishia kumshusha gengeni.

Shaka ya pili ni friji. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8, na mji huu mnaujua kwa umeme. Asubuhi moja nilikuta kipimajoto kinasoma 14. Nilitupa dozi 22, nikakaa kwenye kiti nikapiga hesabu ya kodi. Sawa, hizo nilizitupa. Ninachojiuliza ni usiku ambao umeme ulikatika saa sita ukarudi saa kumi, na mimi nikakuta friji inanguruma vizuri kabisa. Sasa nina kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya juu na ya chini. Sikuwa nacho miaka yote. Na mimi ni mwenye friji. Kuna wanaotembeza chanjo kwenye bodaboda ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu vilivyoyeyuka tangu Ubungo.

Ya tatu: mteja mwenye hela ya dozi moja tu. Kitaalamu jibu linajulikana, isubiri wiki ya 16 uitumie hapo, ndipo itakapofanya kazi kwa uhakika zaidi. Nilimpa dada mmoja jibu hilo sahihi. Mbwa wake akafa kwa parvo akiwa na wiki 12. Tangu hapo mwenye hela ya dozi moja namchomea mbwa wake mbili, malipo ya pili tunaongea.

Wa paka mtanisamehe, leo sina nafasi. Ila moja tu: msimpe paka Panadol. Wala nusu, wala robo. Ini lake haliwezi kuisafisha, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, na mnaniletea akiwa anakufa kwa kidonge mlichompa kwa huruma.

Yule wa Goba tulimwekea dripu Jumatatu hiyohiyo. Mimi sina sindano ya kuua parvo, msinitumie meseji kuiulizia. Tunarudisha maji, tunazuia kutapika, tunampa antibiotiki kwa sababu utumbo ulioliwa unaachia bakteria kwenye damu wakati chembe nyeupe nazo zimeanguka, halafu tunasubiri. Jumanne sikumtegemea. Jumatano aliinua kichwa. Alhamisi, siku ambayo kwa mujibu wa kadi alikuwa anapata chanjo yake ya tatu, alilamba kijiko kimoja cha kuku wa kuchemsha na hakukitapika. Kijana alifurahi mpaka akampiga picha na kanula yake mguuni, akamtumia mdogo wake. Mdogo wake naye akapenda. Kijana akaniuliza, nikiwa bado nashikilia kijiko, kama nashauri wamchukulie mmoja wa ndugu za huyu mbwa, maana yule mwuzaji bado ana wanne.

"Anasema wote wameshachanjwa."